Wageni wa Kidakani

Katika chumba cha mama yangu, hapa Ibra, kuna kidaka ukutani, na ndani ya kidaka hicho wageni wetu wawili wamekaa muda wote ninaoukumbuka. Tuliwaita wageni kwa sababu hatukujua tuwaite nani. Walikuwa sanamu moja ya plasta, kimo chake kama mtoto anayeanza kusimama: mwanamme amesimama, na mwanamke amekaa ubavuni pake, ameinama. Zaidi ya hapo hakuna katika sisi aliyeweza kuapa, kwa sababu walikuwa wamepakwa chokaa miaka na miaka hata pua hazikuonekana, wala vidole. Lilibaki umbo tu, kama unga uliokandwa ukasahauliwa.

Sanamu hii ilikuwa ya bibi yangu, mama wa mama, huko Unguja. Yeye aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliipata kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa akileta nguo za merikani na kuondoka na pembe. Alipewa au alinunua, hakuna ajuaye. Tulipohamia Oman mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, bado nasoma juzuu ya mwanzo. Wanawake wenziwe mama walikuja na dhahabu na saa za ukutani. Mama alikuja na wageni, wamefungwa ndani ya godoro. Baba, Mungu amrehemu, ndiye aliyewafunga na ndiye aliyewafungua, na mpaka anafariki alikuwa akijigamba kwamba amevusha watu wawili bila ya tikiti.

Habari ya chokaa ina sababu yake. Bibi alikuwa mcha Mungu, na alikuwa anaipenda sanamu yake, na hayo ni mambo mawili yasiyokaa vizuri katika nyumba moja. Aliambiwa kwamba malaika hawaingii penye sanamu. Akaenda kwa sheikh wa mtaani kwao, na sheikh akamwambia kuwa kitu kisicho na uso si sanamu, ni umbo lililokufa, kama jiwe au gogo. Bibi hakutaka kuwavunja. Akachukua chokaa akawaziba nyuso. Na kwa kuwa kila mwaka mwezi wa Shaaban nyumba ilipakwa chokaa kuupokea Ramadhani, kila mwaka wageni nao walipata fungu lao.

Mama aliendeleza. Nyumba yetu ya sasa inapakwa rangi ya dukani, mafundi wanakuja na marola yao na kumaliza kwa siku mbili, lakini kopo la chokaa halijapata kukosekana chini ya kitanda cha mama. Alipaka kwa brashi ya kunyolea ndevu ya marehemu baba. Hakuwahi kuitoa sanamu kidakani, kwani ina uzito wa nusu gunia la mchele; akipaka pale mkono unapofika, akisoma salawati, na akimaliza huwaambia, "Haya, Ramadhani karimu."

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na sisi kila mmoja alikuwa na maelezo yake juu ya wageni. Baba alisema yule mwanamme ni kadhi na mwanamke amekuja kumshitaki mumewe. Kaka yangu, ambaye tangu utotoni ni mtu wa dini na amri, alisema mwanamke anaomba ruhusa na mwanamme amemkatalia. Mimi nilikuwa na hakika kwamba mwanamke analia. Mama hakubishana na mtu. Alisema tu kuwa yule mwanamke amefanana na mama yake.

Mwaka juzi daktari wa macho alituambia kwamba presha ya macho ya mama imekwenda mbali. Tayari alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu hilo lilikuwa linaziba. Daktari alisema baada ya miezi atabaki kuujua mchana na usiku, basi. Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, na sikuzote naudhika na jibu nisiloweza kulirekebisha. Njia nzima ya kurudi Ibra niliisema barabara, nikawasema madereva, nikausema hata mtambo wa hewa wa gari. Mama alihesabu tasbihi yake. Tulipofika nyumbani akakaa kitandani, akakielekea kidaka, akaniambia anataka chokaa itolewe.

Nilidhani ameanza kuweweseka. Nikamuuliza kwa nini.

"Mama alikufa miye nna miaka tisa," alisema. "Picha hatuna hata moja. Uso wake umenitoka, mwanangu. Si leo, umenitoka zamani, naona haya tu kusema. Mtoto gani anasahau uso wa mama yake? Sasa Siku ya Kiyama, watu wote wale, n'tamjuaje?"

Nilikaa kando yake kitandani. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kutwambia. Bibi alikuwa na mazoea ya kumnyooshea kidole yule mwanamke wa kidakani, akicheka, akisema, "Huyu ndiye miye." Na bibi aliwajua wageni kabla ya chokaa, tangu yeye mwenyewe mtoto. Kwa hiyo, kwa hesabu ya mama, uso wa bibi ulikuwa haujapotea. Ulikuwa pale pale chini ya chokaa ya miaka sabini, umehifadhiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuzika kila Shaaban kwa brashi ya ndevu.

Nilimpigia simu kaka yangu, anakaa Sur. Nilijua atakavyosema na akasema hivyo hivyo. Bibi alifunika kwa sababu, nani sisi wa kufunua? Tulivutana siku tatu. Mwisho nikampa simu mama, akazungumza naye kwa sauti ndogo nisiyoisikia. Kaka aliporudi kwangu alikuwa mtu mwingine. Alikubali kwa sharti moja: mama akishamwona, nyuso zizibwe siku hiyo hiyo, na chokaa atakuja kupaka mwenyewe, kwa sababu mimi haniamini. Nilitaka kukasirika lakini alikuwa na haki.

Huko Nizwa nilielekezwa kwa msichana anayetengeneza vitu vya kale. Kazi yake ya kila siku ni mabirika ya shaba na dari za zamani, na nyumbani kwake ana chumba cha kazi chenye meza ndefu na taa tatu. Amezaliwa hapa hapa Oman, bibi yake alitoka Pemba. Alinipokea na shikamoo, kisha Kiswahili chake kikaanza kuchanganyika na Kiarabu kama chai na maziwa. Nilimwambia ninayo siki nyumbani, naweza kuanza kuisugua mwenyewe. Aliruka, akaniita khalti, yaani mama mdogo kwa Kiarabu.

"La, khalti, wallahi siki hapana. Maji pia hapana. Plasta ikikunywa maji, khalas, inakuwa uji. Hii kazi ya kijiti tu."

Kijiti chenyewe ni cha kuchokolea meno. Alinionesha: anakiingiza pembezoni mwa chokaa, anakinyanyua kidogo, na ganda dogo kuliko punje ya mchele linadondoka. Chokaa haikuwa imeshikana na rangi ya chini, ilikuwa imeikalia tu. Kisha anapuliza, anapitisha brashi kavu, anaanza tena. Nilimuuliza itachukua muda gani akasema wiki sita, inshallah. Nikamwambia macho ya mama hayana wiki sita. Akasema basi atafanya kazi na Ijumaa.

Alipoigeuza sanamu mezani siku hiyo ya kwanza aliniita nitazame. Upande wa nyuma haukuwa na chokaa. Miaka yote uliuelekea ukuta, na hapakuwa na aliyejisumbua kuupaka. Ulikuwa na vumbi na utando wa buibui tu, na chini yake rangi ya kahawia ya asili.

"Nyuma yake nzuri sana, khalti," alisema. "Hebu angalia."

Nikamwambia sikutoka Ibra kuja kutazama mgongo, nimefuata uso. Wahenga wamesema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na sikutazama.

Kila Alhamisi nilikwenda Nizwa kupitia Sinaw, nikakaa kwenye kiti pembeni ya meza yake, na polepole wageni wetu wakaanza kutoka. Kwanza kilitoka kiatu cha mwanamme, na juu ya kiatu, kamba, na kamba ilikuwa imefungwa fundo moja vizuri na jingine ovyo, fundo la mtu mwenye haraka. Niliinuka kitini. Kisha ukatoka mkono wake wa kushoto umeshika kofia, na vidole vimeibana kofia kwa kukosa subira. Wiki ya pili ikatoka fulana yake ya juu, ile ya vifungo isiyo na mikono, na nyuzi za kitambaa zilionekana, na vifungo vilikuwa vinne, na mahali pa cha tano palikuwa na mkono wa mwanamke.

Msichana alisitisha kijiti. Tukainama sote wawili, vichwa vinakaribia kugongana. Mkono ule ulishika sindano. Sindano ya plasta, nyembamba kama ukucha, na katika kidole cha kati kastabini, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano, na kastabini ilikuwa na vishimo vyake, vidogo vidogo, vimepangwa safu kwa safu.

Hakuwa kadhi. Hakuwa mwombaji, wala aliyekataliwa, wala anayelia. Mume anatoka, amechelewa, kifungo kimemtoka, na mke amekivuta kigoda anamshonea palepale akiwa ameivaa. Mume amejizuia kupumua asichomwe. Basi. Hilo ndilo tulilolifunika kwa heshima na hofu miaka yote hiyo.

Nilicheka hata machozi yakanitoka, kisha kicheko kikaondoka na machozi yakabaki, na sikuweza kumweleza yule msichana nini kimenipata. Yeye ndiye aliyenieleza mimi. Alisema Marekani ya karne ile palikuwa na mafundi waliotengeneza sanamu kama hizi: fundi anachonga moja, anatoa kalibu, na kutoka kwenye kalibu zinatoka nyingi, ili watu wa kawaida nao waweke sebuleni kwao, ukutani, majirani wakija waone. Hawakuchonga wafalme wala majemadari juu ya farasi. Walichonga mshona viatu, watu wanaocheza dama, mkulima amekaa juu ya ngazi anasoma barua. Kila sanamu ilikuwa na kisa, na mgeni akija anakisoma kisa kile kwa macho.

Nimewahi kuona makasri na nimewahi kuona majabali ya nchi hii jua linapoyapiga, na Mungu anisamehe, sijapata kustaajabu kama nilivyostaajabia kastabini ile. Mtu mzima mwenye akili zake alikaa, sijui siku ngapi, akatoboa vishimo katika kastabini ndogo kuliko punje ya mtama. Aliona kwamba mke anayemshonea mumewe kifungo ni jambo la kusimamishiwa sanamu. Mimi nimeshona vifungo maisha yangu yote na sikujua kama kuna mtu anaangalia.

Nikampigia mama simu kutoka pale pale. Nikamwambia mwanamke wako anashona. Nikasikia pumzi yake imebadilika. Bibi alikuwa mshona kofia. Ndiyo kazi iliyomlea mama na ndugu zake baada ya baba yao kufa: kofia nyeupe za mkono, tundu kwa tundu, uzi kwa uzi.

"Nilikwambia ni yeye," mama alisema.

Uso ulitoka wiki ya tano. Msichana aliuacha mwisho kwa makusudi, na siku hiyo hakutaka tuzungumze. Paji la uso lilitoka na mikunjo miwili ya mtu anayelenga tundu. Yakatoka macho yameteremka chini, na kope zake, naapa, kope. Ikatoka midomo imebana ncha ya uzi. Mwanamke aliyekuwa gizani tangu kabla sijazaliwa alikuwa mbele yangu, anashughulika, wala hana habari nasi. Nilimwamkia. Sijui kwa nini. Nilisema shikamoo, na msichana hakunicheka.

Nilimrudisha Ibra amekaa kiti cha mbele, amefungwa blanketi na mkanda. Mama alitaka kumgusa usiku ule, nikamkatalia. Nikamwambia asubiri mwanga wa asubuhi, ndio mzuri kwa macho yake. Ijumaa saa nne tuliiweka sanamu mezani karibu na dirisha. Mama alikuwa amejitia udi na amevaa kanga mpya, kama anakwenda kupokea watu. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa pua ya plasta, na akawa anakisogeza kichwa pole pole, huku na huku, ili ule uwazi wake mdogo upite juu ya uso wote. Paji. Jicho. Jicho la pili. Mdomo. Akarudia tena kutoka mwanzo.

Kisha akakaa kitandani.

"Si yeye," alisema. Akaongeza, "Mama hakuwa Mzungu."

Angecheka, ningecheka naye. Hakucheka. Alijivuta mpaka ukutani, akakunja mikono yake mapajani, na nilimwona anazeeka mbele ya macho yangu. Nilijilaumu kwa safari zote zile za Nizwa. Tungeiacha chokaa, angekufa na matumaini yake. Nilimwambia labda midomo, labda paji la uso. Akanijibu kwa upole kwamba hapana, si huyu, na kwamba ni kosa lake mwenyewe, mtoto hasahau uso wa mama yake halafu akautafuta kwenye udongo wa watu.

Kaka alipiga simu kuwa amepita Al Qabil na anakuja. Aliingia kabla ya sala ya Ijumaa, kanzu yake ya dishdasha nyeupe imenyooka, na ndoo ya chokaa mkononi. Nilimweleza mlangoni lililotokea. Hakusema nilikwambia, na kwa hilo nitamshukuru siku zote. Alimbusu mama kichwani, akakunja mikono ya dishdasha, akaichukua ile brashi ya baba. Ili apate mwanga, aliigeuza sanamu nyuso zielekee dirishani, naye akasimama baina ya meza na dirisha. Akaanza na mwanamme. Nililitazama lile fundo la haraka la kiatu, likabaki, maana alipaka nyuso tu, kisha nikaangalia chini kwa sababu zamu ya mwanamke ilikuwa inafika na sikutaka kuona.

"Ngoja kwanza," mama alisema.

Kaka akasita, chokaa ikamdondokea mkononi.

"Usiigeuze. Iache hivyo hivyo."

Alikuwa ameinuka. Alikuja mezani akipapasa hewa, akainama nyuma ya mwanamke, upande ule nilioukataa. Nami nikainama pale alipoinama, na safari hii nikatazama. Shingo ilikuwa imeinamishwa kazini, na kile kifupa cha juu ya mgongo kimetokeza. Nywele zilizofungwa nyuma zilikuwa zimelegea, kishungi kimoja kimetoka. Bega la kulia limepanda juu kuliko la kushoto, kama linavyopanda kwa mtu aliyeshona miaka mingi. Na chini ya kigoda, mguu mmoja ulikuwa umetoka kisigino ndani ya kiatu, kiatu kinaning'inia kwenye vidole. Fundi yule alijua kwamba sanamu itawekwa ukutani. Aliyafanya yote yale mahali ambapo hakuna atakayeyaona.

Mama alipitisha kidole kwenye shingo, akateremka nacho mpaka kwenye bega lililopanda, akakiacha hapo.

"Mama akishona alikuwa anauelekea mlango apate mwanga," alisema. "Miye nakaa kitandani, nyuma yake. Siku nzima naona mgongo. Nikimwita ananijibu bila kugeuka, tundu lisimpotee. Na kiatu hivi hivi, kimoja, kinacheza mguuni." Kidole hakikutoka begani. "Sikuusahau uso wake. Sikuuona vya kutosha."

Kaka yangu alikuwa amesimama na brashi, na machozi yanamtiririka ndevuni hayajui wapi pa kwenda. Alimaliza kazi yake, kwa sababu ahadi ni ahadi: alimziba mwanamke uso kwa mkono mwepesi, tabaka moja jembamba, na mimi sikuona uchungu nilioutazamia. Kisha akaibeba sanamu mwenyewe na kuirudisha kidakani, nyuso ukutani, mgongo kwetu. Alisema mgongo hauna hukumu yoyote, akaenda kuswali.

Sasa mama anajua mchana na usiku tu, kama alivyosema daktari. Kila asubuhi akishaswali hukiendea kidaka, huweka kidole kwenye ile shingo, na huteremka mpaka begani. Juzi nilikuwa namletea kahawa na tende, na kwa kuwa ulimi wangu haujapata kusubiri ruhusa, nikamuuliza kama bado anaihofia ile Siku, na watu wote wale.

"Hata," alisema, akaipokea kahawa. "N'tamjia kwa nyuma."